Leseni Hufuata Unapolala

Muuguzi aliyesajiliwa nchini Kenya anaweza kufanya kazi Mombasa mwaka huu na mwakani akahamia Kisumu, asimwombe mtu leseni nyingine. Wa Tanzania Bara naye hutoka Tanga akaenda Mbeya na cheti kilekile. Ndiyo maana wengi wanaofika Marekani, au wanaojiandaa kwenda, hushangaa kukuta kwamba nchi ile haina leseni ya uuguzi ya taifa. Kuna bodi ya uuguzi ya Texas, ya Ohio, ya California, kila moja na sheria yake, ada yake na namna yake ya kupokea makaratasi. Mambo yalianza hivyo North Carolina ilipopitisha sheria ya kwanza ya kusajili wauguzi mwaka 1903, na yamebaki hivyo kwa sababu katiba ya nchi hiyo imeyaachia majimbo madaraka ya kulinda afya na usalama wa watu wao. Mtihani ni mmoja, NCLEX, na anayeufaulu amefaulu kwa nchi nzima. Kilichogawanyika ni ruhusa ya kumhudumia mgonjwa.

Kupunguza usumbufu huo, baraza linalounganisha bodi za uuguzi za majimbo, NCSBN, lilibuni mkataba ambao ulianza kazi mwaka 2000 kwa majimbo machache, Texas, Utah na Wisconsin yakiwa miongoni mwao. Mkataba huo ukaandikwa upya, na toleo la sasa likaanza kutumika tarehe 19 Januari 2018. Leo zaidi ya majimbo 40 na maeneo ya Marekani yameupitisha, na wauguzi huuita kwa kifupi NLC. Anayestahili hupewa leseni moja ya majimbo mengi, na kwa leseni hiyo anaweza kufanya kazi katika jimbo lolote lililoanza kuutekeleza, bila ombi jipya wala ada nyingine, na bila ukomo wa muda. Yaliyobaki nje si madogo: California, New York, Illinois, Michigan, Minnesota, Oregon, Nevada, Hawaii, Alaska, pamoja na mji mkuu wenyewe, Washington D.C. Minnesota naitaja kwa makusudi, kwani Wakenya wengi walioko huko wako katika kazi za hospitali na nyumba za kutunzia wazee.

Mawakala wa ajira hupenda kuulinganisha mkataba huu na leseni ya udereva: umeipata jimbo moja, unaendesha popote. Mlinganisho huo una ukweli wake, lakini umewaponza watu, kwa sababu unamfanya muuguzi aamini kwamba leseni ni mali yake binafsi anayotembea nayo mfukoni. Sivyo. Leseni ya majimbo mengi imefungwa kwenye makazi. Hutolewa na jimbo moja tu, lile ambalo ni makao yako makuu ya kudumu kisheria, na hudumu kwa muda ambao makao hayo yako pale. Haifuati hospitali iliyokuajiri, haifuati chuo ulichosomea, wala haifuati jimbo ulikofanyia mtihani. Hufuata unapolala, na si usiku mmoja wa safari, bali pale unapolipia kodi, uliposajili gari, na ambapo serikali inakutambua kuwa ndipo kwako. Ushauri wote uliobaki katika makala haya umetoka katika kanuni hiyo moja, na kila tatizo linaloweza kumkuta muuguzi katika jambo hili, ukilifuatilia hadi chanzo chake, mara nyingi utakuta mtu aliyeitazama ajira akasahau nyumba.

Chukua miji inayotazamana kuvuka mto. Vancouver iko jimbo la Washington, ambalo liliingia katika mkataba mwaka 2023. Ng'ambo ya mto Columbia ni Portland, iliyo Oregon, jimbo lisilo mwanachama. Wauguzi wawili waliosoma darasa moja na wanaofanya kazi wodi moja hapo Portland wanaweza kuwa na hali mbili tofauti kabisa. Anayelala Vancouver anaweza kuwa na leseni ya majimbo mengi kutoka Washington, lakini leseni hiyo haimruhusu kuingia wodini Portland. Kwa kazi hiyo anahitaji leseni ya Oregon juu yake. Anayelala Portland ana leseni ya Oregon peke yake, na hata akiajiriwa na hospitali ya Vancouver hawezi kupata leseni ya majimbo mengi kupitia mwajiri huyo, kwa sababu makao yake hayako katika jimbo la mkataba. Atapewa ya jimbo moja, basi. Hali ni hiyohiyo kati ya New Jersey, iliyomo, na New York, isiyomo, ambako maelfu ya watu huvuka mto Hudson kila asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Kwa hiyo familia inayochagua mahali pa kupanga nyumba karibu na mpaka wa namna hii inachagua pia aina ya leseni, hata kama inadhani inatazama bei ya kodi na shule za watoto tu.

Bodi haitakuamini kwa maneno. Itataka ushahidi wa makazi: leseni ya udereva ya jimbo hilo, kadi ya mpiga kura kwa aliye raia, fomu ya kodi ya mapato ya serikali kuu yenye anwani ya pale, au fomu ya mshahara ya W-2. Aliye kwenye viza ya kazi ana njia mbili: kutangaza kwamba makao yake bado ni nchi alikotoka, na hapo atapewa leseni ya jimbo moja, au kutangaza jimbo analoishi kuwa ndilo makao yake. Hapa lazima niseme jambo ambalo watu wetu hulichukulia kwa wepesi. Ugenini anwani ya ndugu hutumika kwa mambo mengi. Barua za benki zinafika kwa binamu Dallas, gari limeandikishwa kwa shemeji, na hakuna anayeona ubaya. Kutumia anwani hiyo kuomba leseni ya Texas wakati unaishi Minneapolis ni kutoa taarifa ya uongo kwa bodi ya uuguzi, na bodi huadhibu uongo wa makaratasi kama inavyoadhibu makosa ya wodini. Adhabu hiyo haiishii kwenye leseni. Mtu ambaye bado anasubiri uraia au kadi ya ukazi wa kudumu amejiwekea katika faili lake neno ambalo hakuna mwanasheria atakayefurahi kulieleza.

Ukihama, saa huanza kuhesabu. Tangu tarehe 2 Januari 2024 kanuni inasema kwamba muuguzi anayehamisha makao yake kutoka jimbo moja la mkataba kwenda jingine lazima aombe leseni ya jimbo jipya ndani ya siku 60. Aombe, si aipate. Wakati ombi linashughulikiwa anaweza kuendelea kufanya kazi kwa leseni ya zamani. Wengi huisikia kanuni hii kwa mara ya kwanza kutoka kwa ofisi ya rasilimali watu, na mara nyingine wakiwa wamechelewa tayari. Kuhamia jimbo lisilo mwanachama ni kukali zaidi: leseni yako ya majimbo mengi hugeuka kuwa ya jimbo moja, na kule unakokwenda unaomba leseni kama mtu wa nje yeyote. Anayetoka Texas kwenda California kwa sababu ya mshahara aiweke hasara hiyo kwenye hesabu yake, hasa kama alikuwa akipata nyongeza kwa zamu za majimbo ya jirani au kwa kazi za simu. Na anayefanya safari ya kinyume, kutoka jimbo lisilomo kwenda lililomo, asidhani leseni mpya itakuja yenyewe ikiwa ya majimbo mengi. Aangalie fomu anayojaza. Bodi nyingi hutoa aina zote mbili, na aliyejaza ya jimbo moja atapewa ya jimbo moja. Huruhusiwi kuwa na leseni mbili za majimbo mengi kwa wakati mmoja, ila unaweza kuwa na moja ya aina hiyo pamoja na leseni za kawaida za majimbo yasiyo wanachama, kadiri mfuko wako utakavyokuruhusu kuzilipia. Wanajeshi walio kazini na wenzi wao wamepewa nafuu: wanaweza kubaki na jimbo lao la asili hata wakihamishwa, jambo linalowafaa vijana wetu walioingia jeshi la Marekani na wake au waume zao walio wauguzi.

Aliye bado Nairobi, Eldoret au Dar es Salaam ana hesabu nyingine. Mkataba una masharti 11 yaliyo sawa kwa majimbo yote, na mojawapo ni kuwa na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Mtu ambaye hajafika huko hana namba hiyo, kwa hiyo leseni ya majimbo mengi si jambo la kutafuta kabla ya kusafiri, hata wakala akisema nini. Ndiyo sababu wauguzi wengi wa nje huanzia New York, ambako mwombaji asiye na namba hiyo hupokewa. Si uamuzi mbaya, ilimradi ujue unanunua nini: leseni ya jimbo moja lisilo mwanachama, yenye kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba umefaulu NCLEX. Ukifika na kwenda kuishi Texas, hurudii mtihani. Unaiomba bodi ya Texas ikupe leseni kwa kuitambua ile ya New York, na ukishakuwa na namba ya hifadhi ya jamii na ushahidi wa makazi, unaomba ya majimbo mengi. Tathmini ya vyeti vya nyumbani hufanywa na taasisi huru. Inayojulikana zaidi ni CGFNS, ambayo tangu 2025 inatumia jina la TruMerit, nayo hupata uthibitisho moja kwa moja kutoka kwa chuo chako na baraza lililokusajili. Barua hizo ndizo huchelewa, kwa hiyo anza nazo.

Katika masharti hayo 11 kuna moja kuhusu Kiingereza ambalo hutegemea sana unavyolisoma. Linamtaka afanye mtihani wa Kiingereza yule ambaye chuo chake hakikufundisha kwa Kiingereza, au ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Neno "au" hapo lina uzito. Muuguzi wa Kenya atasema, na kwa haki, kwamba alifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Lakini kama lugha aliyonyonya ni Kiswahili, Kikamba au Kijaluo, sharti bado linaweza kumgusa. Majimbo yamekuwa yakitofautiana katika misamaha yanayoitoa kwa leseni za kawaida. Wanaohitaji cheti cha VisaScreen kwa ajili ya viza nao hawasamehewi kwa sababu tu walisoma Kenya au Tanzania. Ushauri wangu hapa ni wa kihesabu tu: kama huna budi kufanya mtihani huo kwa ajili ya viza, chagua unaokubaliwa na bodi ya jimbo lako pia, na uyatunze matokeo yakiwa bado hai. Kulipia mtihani mara mbili kwa sababu bodi haikuutambua wa kwanza ni pesa iliyotupwa.

Nimesema leseni hufuata unapolala wewe. Sheria ya kazi, kwa upande wake, hufuata alipo mgonjwa. Mambo haya mawili huchanganywa sana, na tangu huduma za afya kwa simu na video zilipoenea, mchanganyiko huo umekuwa wa hatari. Muuguzi anayekaa Dallas na kumpigia mgonjwa wake simu kufuatilia jeraha, kwa macho ya sheria yuko kazini mahali alipo mgonjwa. Mgonjwa akiwa Tennessee, hakuna tatizo, maana Tennessee imo. Mgonjwa huyohuyo akiwa amekwenda kumtembelea binti yake Los Angeles, simu hiyo ni uuguzi uliofanyika California, na leseni ya Texas haifiki huko. Kampuni kubwa za bima na za huduma za simu hulijua hili na huwalipia wauguzi wao leseni za majimbo yasiyo wanachama. Ndogo wakati mwingine hunyamaza zikitumaini hakuna atakayeuliza. Anayebeba hatari ni mwenye leseni. Kabla ya kukubali kazi ya aina hiyo, muulize mwajiri kwa maandishi wagonjwa wako majimbo gani na nani atalipia leseni zinazokosekana, na ujizoeze kumwuliza mgonjwa mwanzoni mwa kila simu yuko wapi leo.

Tena, jimbo alipo mgonjwa ndilo linalosema unaruhusiwa kufanya nini. Mkataba umesawazisha kuingia, haukusawazisha kazi. Kwa wauguzi wa ngazi ya LPN hasa, iliyo chini ya muuguzi aliyesajiliwa (RN), mipaka ya kushughulikia dawa za mshipani hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Aliyezoea kufanya jambo fulani Kansas asilifanye Missouri kwa mazoea, ingawa majimbo yote mawili yamo na jiji la Kansas City limekaa juu ya mpaka wao. Sheria ya uuguzi ya kila jimbo hupatikana bure kwenye tovuti ya bodi yake, nayo husomwa kwa jioni moja.

Faida ya kuwa na ruhusa ya majimbo mengi ina upande wa pili, nao hautajwi kwenye matangazo. Majimbo ya mkataba hushirikiana taarifa za nidhamu kupitia mfumo mmoja uitwao Nursys, pamoja na za uchunguzi ambao haujaisha. Jimbo lolote ulilofanyia kazi linaweza kukunyang'anya ruhusa ya kufanya kazi ndani yake. Jimbo la makao yako likiiwekea leseni kizuizi, ruhusa yako katika majimbo mengine yote husimama hadi kizuizi kitakapoondolewa. Kosa la Georgia linaweza kukufuata Texas, na adhabu ya Texas ikakufungia Georgia, Florida na Arizona kwa siku ileile. Anayeingia katika programu ya tiba ya ulevi au dawa badala ya kuadhibiwa na bodi naye hupoteza ruhusa ya majimbo mengi kwa muda wote wa programu. Zaidi ya hayo, kuna uchunguzi wa alama za vidole wa jimbo na wa serikali kuu, na aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, lile linaloitwa feloni, hapati leseni ya majimbo mengi hata kama jimbo lake litamkubalia ya kawaida. Makosa madogo yanayohusiana na uuguzi huangaliwa moja moja. Hapa kuna onyo kwa yeyote aliyeshtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa au kwa ugomvi wa nyumbani: kabla ya kukiri kosa ili kesi iishe haraka, mwulize mwanasheria maswali mawili, kosa hili litafanya nini kwenye uhamiaji na litafanya nini kwenye leseni. Wengi huuliza la kwanza peke yake.

Sasa nije kwa wanaosema mkataba wenyewe ni mbaya, maana wapo, na si watu wa kupuuzwa. Vyama vya wafanyakazi vya wauguzi, chama kikubwa cha National Nurses United na kile cha Minnesota vikiwa mbele, vimeupinga kwa miaka. Hoja yao ya kwanza ni kwamba unashusha viwango: jimbo lenye masharti magumu ya mafunzo endelevu linalazimika kumpokea muuguzi wa jimbo lisilodai chochote. Ya pili ni kwamba hospitali zinaweza kuleta wauguzi wa nje kwa haraka wakati wa mgomo. Ya tatu ni kwamba bodi ya jimbo hupoteza ada na udhibiti. Mwaka 2020 gavana wa Michigan alikataa kutia saini mswada wa kujiunga, na mawazo ya namna hii ndiyo yaliyokuwa hewani.

Hoja ya viwango naiona dhaifu. Mtihani ni uleule nchi nzima, uchunguzi wa alama za vidole ni wa lazima katika mkataba, na katika baadhi ya mambo masharti 11 ni makali kuliko yale ya leseni za kawaida. Hoja ya mgomo ina nguvu zaidi, na sidhani ni busara kuikana. Leseni inayofanya kazi popote humrahisishia mwajiri pia, wala si muuguzi peke yake. Lakini majimbo yasiyo wanachama nayo yamepata migomo, na wauguzi wa kukodi wamefika huko wakiwa na leseni walizoziomba mapema. Kumkinga mgomaji kwa ucheleweshaji wa makaratasi ni kumkinga kwa ukuta mfupi. Muuguzi mmoja mmoja anayesoma makala haya hata hivyo ana uamuzi wake mwenyewe wa kufanya: kuwa na ruhusa ya kufanya kazi jimbo fulani hakumlazimishi kuvuka mstari wa wagomaji wa huko, na mkataba wa wakala usiosema wazi kama hospitali iko katika mgogoro wa kazi ni wa kuulizwa kabla ya kusainiwa.

Pingamizi jingine linatoka upande wa utafiti, na hili ndilo linalonivutia zaidi. Mwaka 2016 wachumi Christina DePasquale na Kevin Stange walichapisha uchambuzi wa takwimu za wauguzi na wahudumu wengine wa afya zaidi ya milioni 1.8. Hawakupata ushahidi kwamba majimbo yalipojiunga wauguzi waliongezeka kazini au walihamahama zaidi, hata katika kaunti za mpakani ambako faida ingepaswa kuonekana kwanza. Mtu anaweza kusema: kama ni hivyo, kelele zote hizi za nini? Nadhani matokeo hayo yanaeleweka vizuri ukikumbuka kanuni tuliyoanza nayo. Watu hawahami kwa ajili ya leseni. Nyumba, kazi ya mwenzi, shule ya watoto na kanisa au msikiti wa jumuiya yao huwashikilia mahali, na mkataba uliofungwa kwenye makazi haukuja kuyaondoa hayo. Kisha, takwimu hizo ni za mkataba wa kwanza, kabla ya toleo la 2018 na kabla ya huduma za simu kuwa jambo la kila siku. Funzo ninalolichukua ni la kiasi: usihame ili upate leseni ya majimbo mengi, na usiichukulie kama kigezo cha kwanza cha kuchagua jimbo. Ichukulie kama nyongeza ya thamani kwa mtu aliyekwisha kuamua kuishi mahali fulani kwa sababu zake nyingine. Anayeishi Phoenix na hana nia ya kutoka hospitali yake ya mtaani hataona tofauti kubwa. Anayeishi hapo na anataka kuchukua mikataba ya wiki 13 huko Tennessee na North Carolina, au kufanya kazi ya simu akiwa sebuleni, ataona.

Wapo wanaodhani wamo kumbe hawamo. Mkataba unawahusu wauguzi wa ngazi za RN na LPN tu. Wasaidizi wa wauguzi, CNA, kazi ambayo wengi wetu huanzia, wako kwenye rejista ya jimbo, na anayehama lazima ahamishe jina lake. Wauguzi wa ngazi ya juu wanaotibu na kuandika dawa wana mkataba wao mwingine uliopitishwa na NCSBN mwaka 2020, unaohitaji majimbo 7 ndipo uanze. Hadi hapo, leseni yao ya RN huvuka mpaka lakini ile ya juu haivuki. Kwa upande mwingine, hospitali za serikali kuu, hasa zile za maveterani, humwajiri muuguzi mwenye leseni hai ya jimbo lolote. Kwa anayeishi Minnesota au California na ana leseni ya jimbo jingine, huo ni mlango ulio wazi ambao wengi hupita mbele yake bila kuuona.

Kabla ya kusaini mkataba wowote wa kazi, ingia Nursys. Kuangalia ni bure, na utaona majimbo unayoruhusiwa kufanyia kazi kama mwajiri atakavyoyaona. Jiandikishe pia kwenye huduma yake ya taarifa, nayo ni bure, ikukumbushe leseni inapokaribia kuisha. Usikubali neno la "jimbo letu linaingia karibuni." Pennsylvania ilitia saini sheria yake Julai 2021, wauguzi wa majimbo mengine wakaruhusiwa kufanya kazi huko Septemba 2023, lakini wakazi wake wenyewe hawakuweza kuomba leseni ya majimbo mengi hadi tarehe 7 Julai 2025, kwa sababu ya mvutano kuhusu uchunguzi wa alama za vidole na FBI. Massachusetts, yenye Wakenya wengi Lowell na Worcester, ilitia saini Novemba 2024. Saini hiyo haikumpa muuguzi wa Lowell ruhusa yoyote mpya, na siku utekelezaji utakapoanza leseni yake haitageuka yenyewe: atajaza fomu, atalipa, atatoa alama za vidole, na kuonyesha kwamba ni Lowell anakoishi.